Mirathi Kabla ya Deni: Uhakiki wa Mavazi ya Urithi ya Wanaume

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki aina moja ya mavazi ya kiume ambayo kwa muda wa miaka arubaini hivi imejipatia wapenzi wengi huko Japani, Marekani na Ulaya, na ambayo sasa huonekana hata katika miji yetu. Wafanyabiashara wake huyaita mavazi ya urithi. Ni suruali za jinzi zilizofumwa kwa mitambo ya zamani, makoti ya wafanyakazi wa reli, mashati mazito ya wakata magogo na majaketi ya mabaharia, yote yakiwa yameshonwa upya kwa kufuata mfano wa nguo zilizovaliwa na vibarua wa miaka mia moja iliyopita. Anayeyanunua leo si kibarua. Mara nyingi ni mtu wa ofisini mwenye mshahara mzuri, apendaye kuvaa suruali ya mchimba madini ingawa mgodi hajapata kuuona.

Huenda msomaji akauliza mambo haya yanawahusu nini walimu wa Kiswahili. Yanawahusu kwa njia mbili. Kwanza, vazi ni kazi ya mikono ya watu. Lina fani na maudhui, na kwa hiyo laweza kusomwa na kuhakikiwa kama tunavyohakiki hadithi au utenzi. Pili, biashara yote hii imesimama juu ya neno moja, nalo ni urithi. Neno hilo sisi tunalijua. Katika jamii zetu mrithi hapokei mali peke yake. Anayeshika shamba la marehemu huulizwa pia habari za madeni ya marehemu, na kwa sheria ya Kiislamu deni hulipwa kwanza, ndipo mirathi igawanywe. Nitajaribu kuonyesha kwamba mavazi haya yanastahili sifa kwa upande wa fani. Lakini kwa upande wa maudhui, wenye kuyatangaza wamekimbilia kugawana mirathi kabla deni halijalipwa.

2. Fani: kila mshono una sababu yake

Tuanze na jinzi, maana ndiyo mama wa mavazi haya yote. Katika mji wa Reno, jimbo la Nevada, nchini Marekani, alikuwapo fundi cherehani aliyeitwa Jacob Davis, mzaliwa wa Riga. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 mwanamke mmoja alimwagiza amshonee mumewe, mkata magogo, suruali isiyoraruka upesi. Davis alikuwa na ribiti ndogo za shaba alizozoea kuzitumia katika vifaa vya farasi. Akazigongea kwenye pembe za mifuko, mahali panapofumuka kwanza mtu anapotia mkono au chombo cha kazi. Suruali zikapendwa. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kutosha za kupata hataza, aliungana na mfanyabiashara aliyemuuzia vitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, naye mhamiaji kutoka Bavaria. Hataza yao ilitolewa tarehe 20 Mei 1873.

Yafaa kutazama jinsi fani ya vazi hili ilivyozaliwa na haja. Ribiti si pambo. Ni jibu la swali la mfuko unaochanika. Mshono ni wa mistari miwili ili mmoja ukikatika mwingine ushike. Ribiti za mifuko ya nyuma zilifunikwa mwaka 1937 kwa sababu zilikuwa zikikwaruza viti na matandiko ya farasi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili baadhi ya ribiti ziliondolewa ili kuokoa shaba, na ule mchoro wa matao mawili juu ya mifuko ya nyuma, ambao hushonwa kwa uzi, ukawa unachorwa kwa rangi, maana uzi nao ulikuwa adimu. Kwa hiyo anayejua kusoma suruali ya kale aweza kuitaja miaka yake kama mwalimu anavyoweza kuutambua umri wa shairi kwa msamiati wake.

Kitambaa chenyewe nacho kinahitaji maelezo. Denimu hufumwa kwa mshazari. Nyuzi za mtande hutiwa rangi ya buluu, na nyuzi za mshindio huachwa nyeupe. Ndiyo maana upande wa nje ni wa buluu na wa ndani ni mweupe. Rangi yake ya asili ni nili, na nili ina tabia ya pekee: haizami mpaka kwenye kiini cha uzi, bali hukaa juu juu. Kila mara nguo inaposuguliwa, chembe za rangi hubanduka na weupe wa ndani hutokeza. Goti hupauka kabla ya paja. Mfuko ambamo mtu huweka funguo zake huchujuka kwa umbo la funguo hizo. Baada ya miaka miwili suruali inakuwa kama daftari la maisha ya mvaaji, na haziwezi kupatikana suruali mbili zilizochujuka sawasawa. Wapenzi wa mavazi ya urithi huithamini sifa hii kuliko nyingine zote, na hapo hawakukosea.

Zamani denimu ilifumwa kwa mitambo myembamba ambayo uzi wa mshindio ulikwenda na kurudi bila kukatwa, hata ukingo wa kitambaa ukajifunga wenyewe bila kufumuka. Watu wa pwani hawatashangazwa na thamani inayopewa ukingo uliofumwa vizuri, maana wao wamejua taraza tangu kale. Mitambo ya kisasa hufuma kitambaa kipana kwa kasi kubwa, na ukingo hukatwa. Mitambo ile ya kale iliendelea kupungua, na katika Marekani kiwanda mashuhuri kilichoitunza, White Oak cha Greensboro, jimbo la North Carolina, kilichofunguliwa mwaka 1905, kilifungwa mwishoni mwa mwaka 1917 na mia moja, yaani 2017. Kwa miaka mia na kumi na miwili kilifuma kitambaa hicho, na siku ya kufungwa kwake wafanyakazi waliondoka na ufundi wao mikononi.

3. Wanafunzi waliompita mwalimu

Kama ufundi huu haukupotea duniani, sifa kubwa ni ya Wajapani. W. David Marx ameieleza habari hiyo kwa kirefu katika kitabu chake Ametora, kilichotoka mwaka 1915 na mia moja, yaani 2015, na mwalimu asomaye Kiingereza atanufaika nacho. Baada ya vita vya 1945 majeshi ya Marekani yalikaa Japani, na nguo zao kuukuu zikauzwa katika masoko ya Tokyo, hasa Ameyoko karibu na stesheni ya Ueno. Hizo ndizo jinzi za kwanza ambazo vijana wengi wa Kijapani walizigusa. Kwa maneno mengine, walianza na mitumba.

Katika mji wa Kojima, mkoani Okayama, ambako mafundi walizoea kushona sare za shule, kampuni moja ilianza kushona jinzi mwaka 1965 kwa kitambaa kilichoagizwa Marekani. Mwaka 1973 kiwanda cha Kurabo kilifaulu kufuma denimu ya Kijapani. Kisha wakatokea mafundi wasioridhika na jinzi za wakati wao. Walinunua suruali za Kimarekani za miaka ya 1940 na 1950, wakazifumua mshono kwa mshono, wakahesabu nyuzi, wakapima ukubwa wa ribiti na kuchunguza kwa nini uzi wa zamani haukuwa laini sawasawa. Studio D'Artisan ilianza mwaka 1979 na Evisu mwaka 1991, zote za Osaka, na nyingine zikafuata. Katika muda mfupi Wamarekani wenyewe wakawa wanakwenda Japani kutafuta suruali ya babu zao.

Kazi ya mafundi hawa yafanana na ya mhakiki wa miswada ya kale. Mhakiki mwema hukusanya nakala, huzilinganisha, hutafuta sababu ya kila alama, na hasahihishi kabla hajaelewa. Mafundi wa Osaka walifanya hivyo kwa nguo. Hawakudharau suruali ya kibarua kwa kuwa ni ya kibarua, bali waliisoma kwa heshima ambayo wengi wetu huiweka kwa vitabu vya dini tu. Kwa upande wa fani, basi, hukumu ya makala haya ni kwamba mavazi bora ya urithi ni kazi kamili, na anayeyadharau hajayatazama kwa makini.

Hata hivyo, kasoro huanzia papo hapo penye sifa. Baadhi ya wanakili hawa hunakili hata ule mchoro wa matao uliochorwa kwa rangi wakati wa vita. Kumbuka kwamba ulichorwa kwa sababu uzi haukupatikana. Leo uzi umejaa, na bado mteja hulipa zaidi ili apate suruali yenye alama ya uhaba. Dhiki ya watu wa 1943 imegeuka pambo la watu wa leo. Jambo hili peke yake si dhambi, lakini linatuonyesha mwelekeo: umbo limehifadhiwa, na sababu iliyolizaa imesahauliwa.

4. Maudhui: deni lisilotajwa

Tukiingia katika maudhui, tutaona kuwa hadithi inayosimuliwa na matangazo ya mavazi haya ni moja. Hapo zamani za kale palikuwa na wanaume wenye nguvu na uaminifu. Walifanya kazi ngumu, walivaa nguo imara, na dunia ilikuwa safi. Anunuaye nguo hii anakuwa mrithi wao. Hadithi ni tamu, ila wahusika wengi wameachwa nje.

Mwezi Oktoba 2022, huko New Mexico, suruali moja iliyookotwa katika mgodi uliotelekezwa, inayosadikiwa kuwa ya miaka ya 1880, iliuzwa kwa mnada. Bei yake pamoja na ada ya mnada ilizidi dola 87,000. Magazeti mengi yaliiandika habari hiyo kama habari ya bahati. Lakini ndani ya mfuko wa suruali hiyo pamechapishwa maneno ya Kiingereza yasemayo kuwa ni aina pekee iliyotengenezwa na wafanyakazi weupe. Hiyo ilikuwa siasa ya kampuni ya Levi Strauss katika miaka ile ambayo Wachina walibaguliwa Marekani na kufungiwa mlango kwa sheria ya 1882. Baadaye kampuni iliiacha siasa hiyo na kukiri kwamba ilikuwapo. Hapa tuna urithi mtupu, usiochanganywa na kitu. Anayeununua ananunua ribiti pamoja na yale maneno ya mfukoni. Hawezi kusema kuwa ribiti ni zake na maneno ni ya mtu mwingine.

Tuichukue nili. Kabla ya kampuni ya BASF ya Ujerumani kuanza kuuza nili ya viwandani mwaka 1897, rangi hii ilitoka katika majani ya mnili. Huko South Carolina katika karne ya 18 mashamba yake yalilimwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Huko Bengal wakulima walilazimishwa na wenye mashamba wa Kiingereza kupanda mnili badala ya mpunga, wakafungwa kwa mikopo isiyokwisha, hata mwaka 1859 wakaasi. Pamba nayo, msomaji anajua ilivunwa na mikono ya nani mpaka vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865. Ukiondoa watu hao, hapana buluu wala nyuzi za kutiwa buluu.

Wajukuu wa wale waliolima pamba hawakuiona denimu kama urithi wa kujivunia. Kwa wengi wao ilikuwa alama ya shamba la mwenye mali, na Jumapili walivaa suti ili watambuliwe kuwa ni watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi kilichopigania haki za raia, walipokwenda vijijini kusini mwa Marekani, wengi wao waliacha suti na kuvaa denimu ya wakulima ili wasimame pamoja nao. Vazi lilikuwa lile lile la dhiki, lakini wao walilivaa wakijua lilikotoka na kwa sababu ya deni lililokuwa halijalipwa. Huo ndio mfano wa mrithi wa kweli, na katika matangazo ya mavazi ya urithi hutauona mara nyingi.

Kisha kuna deni la zama zetu. Si kila mteja ana subira ya kuvaa suruali miaka miwili mpaka ichujuke. Wengi hutaka uzee ulio tayari. Ili kuwaridhisha, viwanda vilibuni njia za kuzeesha nguo mpya, na mojawapo ilikuwa kuipiga kwa mchanga unaorushwa kwa nguvu ya hewa. Vumbi la mchanga huo huingia mapafuni na kuyafanya yawe magumu. Ugonjwa wake hauponi. Nchini Uturuki vijana waliofanya kazi hiyo katika karakana ndogo zisizo na kinga walikufa, na mwaka 2009 serikali ya huko ikaipiga marufuku. Hebu tulitafakari jambo hili. Mtu mmoja alitaka goti la suruali yake lionekane limefanya kazi, na ili goti hilo lipauke, mtu mwingine alipoteza pumzi zake. Katika uhakiki wa miswada, mtu akichovya karatasi mpya katika chai na kuiuza kama hati ya kale, humwita mghushi. Sioni sababu ya kutumia jina jingine hapa.

5. Kwetu: merikani, kaniki na dangirizi

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Lugha yetu imeyahifadhi katika msamiati wake, na hapa ndipo mwalimu ana neno la kusema kuliko mwenye duka.

Marekani na dola ya Sayyid Said zilitiliana mkataba mwaka 1833. Wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts, wakaleta Unguja pamba ngumu isiyopaushwa kutoka viwanda vya huko kaskazini mashariki mwa Marekani, wakaondoka na pembe, sandarusi na ngozi. Kitambaa hicho kikaitwa merikani, na misafara ikakifikisha bara hadi kwenye maziwa yetu, ambako kilitumika kama fedha. Vita vya 1861 vilipokatiza pamba ya Marekani, vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikachukua nafasi kubwa, lakini jina halikufa. Kando ya merikani ilikuwapo kaniki, nguo ya rangi ya nili iliyokolea, iliyotoka Bara Hindi. Na neno dangirizi, ambalo wazee walilitumia kwa kitambaa kizito cha nguo za kazi, lilitufikia kupitia Kiingereza, na asili yake inatajwa kuwa Dongri, mtaa wa Bombay. Tazama basi: pamba isiyopaushwa, nili, na kitambaa cha kazi. Vitu vitatu vinavyouzwa leo kama uvumbuzi wa wapenda urithi tumekuwa na majina yake kwa zaidi ya karne moja.

Lakini tujihadhari tusije tukafanya kosa lile lile la wenye matangazo. Katika pwani ya karne ya 19 merikani na kaniki zilikuwa nguo za watumwa na maskini. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki na kuvaa kanga, kwa sababu kanga ilitangaza kuwa aliyeivaa ni muungwana. Fikiri mjukuu wa mwanamke huyo akiingia dukani leo na kuambiwa kuwa nguo ya nili ni urithi adhimu wa kazi na utu. Ana haki ya kuuliza: urithi wa nani, na nani aliyeulizwa?

Maneno yetu ya nguo kuukuu nayo yana mengi ya kutufundisha. Mitumba ni jina la mzigo, nalo linatueleza jinsi nguo zinavyofika: zimefungwa marobota, hazina wasifu. Hapa Uganda Waganda husema mivumba. Rwanda husema caguwa, kutokana na kitenzi chetu kuchagua, kwa sababu mnunuzi huinama juu ya lundo na kuchagua. Lakini jina lenye uzito zaidi kwa mada yetu ni lile la mzaha, kafa Ulaya. Aliyelitunga alidhani kuwa nguo nzuri kama hii haiwezi kutupwa na mtu aliye hai. Bila shaka mwenyewe amekufa. Kwa mzaha huo mvaaji wa Kampala au Mombasa anakuwa mrithi wa marehemu asiyemjua, ambaye kwa kweli yu hai na ameshanunua nyingine.

Mrithi huyu naye hakupokea mali bila deni. Tulikuwa na viwanda vyetu. Kiwanda cha nguo cha Jinja, kilichoanzishwa katika miaka ya 1950 karibu na bwawa la umeme la Owen Falls, kilifuma pamba iliyolimwa na wakulima wetu. Viwanda vya namna hiyo katika Afrika Mashariki vilidhoofika kwa sababu nyingi, zikiwamo vita, usimamizi mbaya na mitambo iliyochakaa, na mitumba nayo ilichukua wateja waliosalia. Mwezi Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua. Marekani ikapinga. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, haikurudi nyuma, na mwezi Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha wa ushuru wa soko la Marekani. Upande mmoja wapo wafumaji waliokosa kazi. Upande wa pili wapo maelfu ya wachuuzi wanaosomesha watoto kwa lundo la caguwa. Mhakiki asiyewaona wote wawili hajalitazama lundo lenyewe.

6. Vazi na majira yake

Jambo jingine linalostahili kuhakikiwa ni majira. Wenye maduka ya urithi hutoa orodha za nguo kwa majira ya kaskazini: sufu na makoti yaliyopakwa nta wakati wa baridi, kitani na denimu nyepesi wakati wa joto. Kwao majira ni sababu ya kununua upya, na hapo pana mgongano, kwa kuwa nguo iliyosifiwa kuwa itadumu miaka thelathini hufuatwa na nyingine kabla ya miezi sita kwisha.

Nguo hizo zikifika kwetu majira yake huvunjika. Koti zito la theluji hutua katika soko la Owino mwezi wowote, mvua inanyesha au jua linawaka. Mwendesha bodaboda hulinunua, hulivaa kinyume ili mgongo wake uwe kifuani, na hukinga upepo wa usiku. Aliyelibuni hakuwaza hivyo, lakini matumizi haya yanafuata kanuni ile ile ya Jacob Davis: haja kwanza, umbo baadaye. Ukitafuta mahali ambapo mavazi ya kazi bado ni mavazi ya kazi, waweza kumtazama mwendesha bodaboda kuliko picha za matangazo. Nasema hivi bila kumpamba. Halivai kwa kupenda mambo ya kale. Anavaa kwa sababu baridi inampiga, na pengine angefurahi kupata jaketi jipya lililoshonwa kwa ajili yake hapa hapa.

7. Tathmini

Mhakiki hana budi kutoa hukumu. Mavazi ya urithi yamefaulu katika fani, na mafundi wa Japani wamefanya kazi ya kuhifadhi ambayo wenyewe wa asili walikuwa wameitupa. Yamefundisha watu kuuliza nguo imeshonwa vipi, kuitunza, kuitia viraka na kuivaa muda mrefu, na hayo ni mafunzo mema katika dunia inayotupa nguo kabla hazijachakaa. Katika maudhui yameshindwa, kwa kuwa yanasimulia kazi bila wafanyakazi. Wahenga walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Siku hizi twaweza kuona kuwa hata cha kale huwa kinyemi kikishafichwa kidonda chake.

Dawa yake si kuacha kuvaa jinzi. Dawa ni kulirudishia neno urithi maana yake kamili. Kampuni inayojivunia suruali ya 1880 na itaje pia nani alikatazwa kuishona. Anayeuza nili na amtaje mkulima wa Bengal. Anayeuza uzee na aseme uzee huo umepatikanaje, na mapafu ya nani yalikuwa karibu. Deni likishatajwa ndipo laweza kulipwa, na kilichobaki baada ya kulipa ndicho urithi halali.

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo la vitendo. Somo hili nimelitumia katika kidato cha tatu, na wanafunzi hulipenda. Kila mmoja huleta vazi moja la mtumba kutoka nyumbani. Kwanza hulieleza kwa Kiswahili sanifu kuanzia kola hadi pindo: mshono, mfuko, kifungo, kiraka, mahali palipochujuka. Hapo msamiati wa mtande, mshindio, mshazari na nili hupata makao, maana mwanafunzi anavigusa vitu vyenyewe kwa vidole. Kisha huandika insha ya kueleza vazi hilo lilitoka wapi, mikono ya nani ililigusa, na nani alipata nini. Kila mara wanafunzi hukwama katika swali la pili, kwa sababu kitambulisho kilichoshonwa ndani hutaja nchi na jinsi ya kufua, basi. Jina la mshonaji halimo. Kukwama huko ndiko chanzo cha mjadala, na mwalimu asiwe na haraka ya kukuondoa.

Mafundi wetu wa cherehani nao wangefaidika na mfano wa Osaka. Wajapani walianza kwa nguo kuukuu za askari wa kigeni, wakazifumua na kujifunza, hata wakaweza kushona bora kuliko waliozileta. Marobota yanayoshushwa katika masoko yetu yamejaa mafunzo ya namna hiyo: namna ya kushona bega lisifumuke, ya kutia ribiti, ya kukata kola. Tumekuwa tukiyavaa mafunzo hayo mpaka yanachakaa bila kuyasoma. Fundi atakayeyasoma, akanunua pamba ya hapa na kuwalipa vizuri wanaoshona pamoja naye, atakuwa na vazi ambalo wajukuu wake wataweza kulirithi pasipo kudaiwa na mtu.